Jeltje Wiarda, Aliyekataa Kuambiwa Haumwi Vya Kutosha

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo hapa Harlingen kumsindikiza Jeltje, familia inawasomea maisha yake kama alivyoagiza mwenyewe, bila kupambwa na bila kunong'ona.

Jeltje Wiarda alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini hapa, mtoto wa pili wa mzee Tjeerd na mama Aukje, akasoma shule hapahapa, kisha chuo cha michezo Groningen, na mwaka 1979 akaanza kufundisha kuogelea katika bwawa la mji, ambako wengi wenu mlio humu ndani mliisikia sauti yake kabla ya kuyazoea maji. Tarehe 6 Mei 1983 alifunga ndoa na Fokke Bruinsma, fundi wa injini za meli, wakajaliwa Wobbe mwaka 1985 na Hiske mwaka 1988.

Mwaka 1999 aligundulika kuwa na ugonjwa aliokuwa nao mama yake, wa ini kujaa vifuko vya maji vinavyozidi kukua, hata tumbo likatangulia mbele kama la mjamzito, naye hakuacha kuvaa vazi lake la kuogelea na kusimama ukingoni mwa bwawa. Mzazi mmoja alimpongeza, "Mwalimu, mtoto anakuja lini?" Akajibu, "Ni ini, mama, ila likizaliwa utaalikwa."

Madaktari walivinyonya vifuko maji kwa sindano, vikajaa tena, wakakata kipande cha ini, lililobaki likakua, na kufikia mwaka 2009 alikuwa akishiba kwa vijiko vichache vya supu ya njegere, huku Fokke akimfunga kamba za viatu kila asubuhi. Alipoomba kupandikizwa ini jingine, daktari alimweleza kwamba vipimo vya damu ni vizuri, ini linafanya kazi, kwa hiyo kwenye foleni, inayopangwa kwa vipimo hivyo, atakuwa nyuma kabisa.

"Ini linafanya kazi," Jeltje akasema, "mimi ndiye nisiyeweza kufanya kazi."

"Ugonjwa huu kwa kawaida hauui, mama."

"Wala hauniachi niishi."

Fokke, aliyeogopa kisu kuliko tumbo lile, alimshika mkono: "Twende nyumbani, Jel, umeshasikia." Akamjibu, "Sijasikia, na kiti hiki sikiachi."

Daktari yule, na tunamshukuru, alimwandikia ombi maalumu la kusogezwa mbele kwenye foleni, likakubaliwa, na tarehe 2 Novemba 2010 Jeltje akapandikizwa ini la mtu aliyefariki, huku lake likitolewa likiwa na uzito wa zaidi ya kilo tisa. Mwaka uliofuata alirudi bwawani na kovu lake, akawaambia watoto waliokodoa macho, "Haya, tazameni mmalize, halafu majini!"

Miaka ya mwisho figo zilichoka, na tarehe 19 Januari 2025 homa ya mapafu ilimchukua, Fokke akiwa kando yake. Wapo waliosema upasuaji ule ulikuwa mkubwa mno kwa mtu ambaye hakuwa anakufa. Familia inawajibu leo hadharani: alikula, alicheka, alijifunga viatu mwenyewe, akawafundisha wajukuu wanne kuogelea.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wenzake wa bwawani, na zaidi ya wote familia ile tusiyoijua, iliyokubali kutoa ini la mpendwa wao siku ya msiba wake.

Pumzika sasa kwa amani, Jeltje, japo tunajua utabisha.