Mikebe ya Buluu ya Mama Mutugi

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Jedidah Gatwiri atavua aproni yake katika jiko la zahanati yetu hapa Manyatta, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Sote humwita Mama Mutugi, kwa jina la kifungua mimba wake. Mimi nina miezi sita tu hapa tangu nimalize shule, kwa hivyo mengi ya haya nimeyapata kwa kuwauliza wenzangu, nao walinisimulia kwa furaha.

Alitoka Githongo mwaka wa 1969, msichana aliyejua kupika njahi, yale maharagwe meusi, na kuimba. Hadi leo huimba akikoroga. Asubuhi za baridi, mlima ukiwa bado umefunikwa, mvuke wa uji hutoka dirishani ukachanganyika na ukungu mpaka hujui upi ni upi. Anayepita hapo saa hizo huona kama zahanati yenyewe inaota ndoto nzuri.

Mwaka wa 1991, watu wenye virusi vya UKIMWI walianza kuja kwa wingi. Dawa hatukuwa nayo, na walikuwa wakikonda mbele ya macho ya wote. Mama Mutugi alisema kwamba kama dawa haipo, chakula kipo. Akaanza kupika uji wa wimbi na soya uliotiwa karanga, na siku za Alhamisi mboga za terere na mayai. Ili uji usimwagike njiani, aliomba mikebe yenye vifuniko, akaipaka yote rangi ya buluu kwa mkono wake mwenyewe, ipendeze.

Hapo ndipo alipokosea, na ni yeye aliyeniambia nisiliruke jambo hili. Mwezi haukuisha kabla soko zima halijajua mkebe wa buluu ni wa watu gani. Siku moja Purity Kagure, mama mwenye mtoto mchanga, alisimama kwenye foleni ya nyama na mkebe wake. Mteja mmoja akamwambia mbele ya watu, "Wewe wa mkebe, hebu simama kando." Kagure akaenda nyumbani, akaacha kuja kwetu. Mama mzazi wa Kagure ameturuhusu tumtaje.

Wiki tatu zilipita. Mama Mutugi alipomfuata, alimkuta amejifungia; kupitia dirishani alimwona hana nguvu hata za kumbeba mtoto. Aliposihiwa arudi, Kagure alijibu kutoka ndani, "Mama, afadhali njaa. Njaa haina rangi."

Mwingine angebadilisha rangi. Mama Mutugi alitafuta mikebe mingine mia moja, akaipaka buluu ile ile. Akawagawia akina mama wa kanisa wabebee maziwa, walimu, wazee wa presha, hata tabibu wetu. Kila aliyeingia zahanati, awe na kikohozi au maumivu ya jino, alitoka na uji. Aliyebaki ni Ismael, mwenye bucha, ambaye, Mama Mutugi alipompelekea uji buchani, aliutazama mkebe kama nyoka.

"Kunywa, bwana. Kama ugonjwa unakaa kwa mkebe, mimi ningekuwa nimezikwa mara kumi."

"Na mbona hauna sukari?"

"Sukari ni ya wageni. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Foleni nzima ikacheka. Ismael akaumaliza uji, akauweka mkebe kwenye kaunta, karibu na mizani, ambapo kila mtu aliuona. Kufikia Krismasi, hakuna aliyeweza kumjua mgonjwa kwa mkebe wake.

Na Kagure akaja. Alikunywa uji huo kwa miaka minne. Alifariki mwaka wa 1996, lakini kabla ya hapo alimpeleka bintiye shule ya nasari kwa miguu yake mwenyewe, akimshika mkono. Miaka hiyo minne haimo katika ripoti yoyote, ndiyo sababu nimeiandika hapa.

Mama Mutugi, asante kwa kila bakuli. Tunakuombea siku ndefu na tulivu huko Githongo, kahawa ikichanua nyeupe mpaka mlangoni kwako, na mtu mwingine awashe moto wa asubuhi. Kaa chini, mama. Leo kula wewe kwanza.