Viatu Havina Kosa

Kinyozi alivivaa viatu vyake vipya vya michezo ndani ya treni makusudi, ili mtu amuulize. Aliyeuliza ni mwanamke aliyeketi mbele yake, refa wa mpira wa kikapu, filimbi ingali shingoni.

"Hivyo si vya yule nyota wa enzi zetu?"

"Ndivyo, vimetolewa upya. Jana nilivijaribu uwanjani." Kinyozi akakohoa kitaalamu. "Soli inashika sakafu, kifundo cha mguu kinatulia. Kasoro yake ni uzito. Haviruki."

Refa akalitupia jicho tumbo la kinyozi, kwa adabu. "Uzito uko kwenye viatu, kaka?"

"Tumegawana," kinyozi akakiri.

"Ulicheza muda gani?"

"Dakika nne, mbili nikiwa nimelala chali." Akavitazama viatu. "Ujanani niliviota mpaka nikachoka. Sikuvipata, nikacheza peku, na ringi nikaigusa. Leo ninavyo, magoti yamehama."

"Basi viatu havina kosa."

"Vizito, dada," akang'ang'ania kinyozi.

Treni ikasimama. Refa akainuka, abiria wakamfuata. "Hushuki? Hapa ndio mwisho wa safari."

"Nashuka. Tangulia tu, dada. Viatu viko tayari, vinayasubiri magoti."