Bibi Alisema Hajasalimiwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa Bweranyange! Hapo mmeitikia kama watu waliokesha kwenye arusi. Narudia: Bwana asifiwe! Ameni. Sasa naona mko macho.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Kemilembe, nimetoka Isingiro, kule Kyerwa. Lakini hapa si ugenini, hapa ni ukweni kwangu. Mama mkwe wangu, Bibi Paulina, ni yule pale benchi la pili upande wa akina mama, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Mnaona amekunja uso? Amejua nitamtaja. Mama, nisamehe, leo nakutaja mbele za watu.

Ndugu zangu, nimesimama kumshukuru Mungu aliyemtoa mwanangu ndani. Sikusema kitandani, nimesema ndani. Kitandani alimtoa kwanza, na hilo nalo nitalisema. Lakini mtu anaweza kutoka kitandani na bado asitoke ndani.

Kemilembe ni mzaliwa wetu wa kwanza. Wengi hapa mnamkumbuka, maana likizo zake zote alikuwa kwa Bibi yake, na Bibi ndiye aliyemfundisha kupokea wageni. Nyie mnamjua Bibi Paulina! Kwake salamu ya wima si salamu. Mtoto akaiva. Mgeni akipiga hodi nyumbani, Kemilembe alikuwa keshafika chini, magoti yote mawili, mikono miwili, shikamoo yenye adabu, kisha huyo anakimbilia kikapu cha kahawa ya kutafuna, amkaribishe mgeni. Wageni wakiondoka walisema, huyu binti amelelewa. Mimi nilikuwa navimba kichwa kidogo, msinilaumu, sifa za mtoto ni tamu.

Halafu ikaja siku ya parachichi. Mnunuzi alikuwa anapita na gari kuelekea Omurushaka, tukawa na haraka, na Kemilembe akapanda mti kama alivyopanda mara zote. Tawi likakatika. Alianguka kwa mgongo juu ya kisiki. Nilipomfikia alikuwa anaongea, analia, lakini akaniambia, "Mama, miguu yangu iko wapi?" Ilikuwa pale pale, nimeishika, na yeye hajui kwamba nimeishika. Eh, Mungu wangu! Mpaka leo nikilikumbuka swali lile nakaa chini.

Majirani walimlaza kwenye mbao, tukaenda naye hospitali, na kutoka pale tukapelekwa Mwanza. Wakampasua, wakamwekea vyuma mgongoni. Daktari alituambia kwa upole kwamba uti wa mgongo umeumia ila haujakatika wote, tungoje tuone. Tulingoja. Nilijifunza kumgeuza asipate vidonda. Nilijifunza kumwosha upya kama kichanga, na yeye ni binti mkubwa anayefumba macho kwa aibu. Asubuhi moja, namkausha miguu, akasema, "Mama, taulo ni baridi." Ndugu zangu, nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja anakimbia! Alikuwa ameisikia baridi ya taulo mguuni. Mungu ni mwema!

Tulirudi nyumbani na kiti cha magurudumu, baadaye akapewa fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne. Baba Kemilembe ni mtu asiyejua kusema maneno mazuri, lakini alisema kwa jembe na nyundo. Alibomoa kizingiti. Alipanua mlango wa choo, akatengeneza kiti cha mbao cha kukalia. Kisha akachimbia nguzo za mkaratusi katikati ya migomba, pande mbili, akazifunga fito ndefu za kushikilia, mtoto afanyie mazoezi. Na ile njia akaifagia nyasi zote alizokuwa ametandaza shambani. Majirani wakasema, jamani, kibanja chako kinabaki uchi! Akawajibu, "Migomba itanivumilia." Jioni nilikuwa nasimama jikoni nawatazama, binti ameshika fito anavuta mguu, na baba yake anarudi kinyumenyume mbele yake, amenyoosha mikono kama anamfundisha mtoto wa mwaka mmoja.

Akatembea. Polepole, kwa fremu, lakini akatembea. Sisi tukasema basi, tumemaliza, tumefika Kanaani.

Hatukuwa tumefika. Kupiga magoti hakuwezi. Vile vyuma mgongoni na ile miguu dhaifu, akishuka chini hanyanyuki mwenyewe. Siku moja alikuja mzee wa kanisa kutujulia hali. Mimi niko jikoni. Kemilembe akajaribu. Alijishusha kwa fremu, fremu ikateleza, akaanguka miguuni pa mgeni. Yule mzee wa watu, na umri wake, akahangaika kumwinua, anasema, "Pole mwanangu, usisumbuke, wewe umesamehewa."

Kuanzia hapo, hodi ikipigwa, Kemilembe anaingia chumbani na kufunga mlango. "Mama, mwambie nimelala." Wageni walikuwa wengi, wenye upendo, na wote walisema neno lile lile: mwacheni, asisumbuke, amesamehewa. Nami niliona ni huruma njema. Mpaka siku moja namsuka nywele akaniuliza, "Mama, kila mgeni ananisamehe. Nimekosa nini?"

Niliendelea kusuka, machozi yananidondokea mikononi.

Akaongeza kwamba kipaimara hataki tena. Mafundisho ameyamaliza, maswali yote anayajua, lakini watoto wote watapiga magoti madhabahuni, na yeye hataki kusamehewa mbele ya kanisa zima. Basi nikafunga na kuomba. Niliomba jambo moja tu: Bwana, mrudishie magoti yake. Niliomba nikapauka! Na magoti hayakurudi.

Aliyekuja ni Bibi Paulina.

Alitoka hapa Bweranyange, akapanda magari mawili mpaka kwetu, ana mfuko wake kwapani. Nikampigia magoti, akaitikia. Wadogo zake Kemilembe wakaja, wakasalimu, akawabariki. Nikaleta chakula, ndizi na maharage, ziko moto. Hakugusa.

"Sitakula. Sijasalimiwa."

"Mama, si tumekusalimu sote?"

"Wote?"

Nikasema Kemilembe amelala. Akasema, "Basi nitamngoja aamke." Nikaona niseme ukweli: mama, mtoto hawezi kupiga magoti. Ndugu zangu, mwanamke huyu alinitazama! Akapaza sauti ipite mlango wa chumbani: "Nani ametaja magoti? Nimetoka Bweranyange, nina mjukuu ndani ya nyumba hii, na sijasalimiwa!"

Nilikasirika. Mama, leo nakwambia, siku ile nilikukasirikia kweli. Nilikwenda jikoni nikaosha masufuria yaliyokuwa masafi, na nyumba nzima ilisikia. Nikajisemea, mtoto amevunjika mgongo, huyu bado anadai heshima zake! Baba Kemilembe akarudi kutoka shambani, akajaribu kumbembeleza mama yake, akaambiwa, "Kaa na wewe, tungoje." Akakaa. Ndizi zikapoa.

Kisha tukasikia ile fremu. Ko. Ko. Mlango ukafunguka. Kemilembe akatoka, macho mekundu, midomo ameikaza kwa hasira. Akasimama mbele ya Bibi yake, wima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu!"

Na Bibi hakuishia hapo. Akamwuliza kwa Kinyambo habari za nyumbani, za shamba, za masomo, zile salamu ndefu anazosalimiwa mtu mzima. Kemilembe akajibu moja baada ya nyingine. Nikaona mabega yanashuka. Halafu Bibi akasema, "Na kahawa yangu?"

"Bibi, hii mikono ndiyo miguu yangu sasa. Kahawa nitaishikaje?"

Bibi akafungua ule mfuko wake. Akatoa kikapu kidogo kipya, amekifuma mwenyewe kwa mkono wake, na hiki kilikuwa na kitanzi. Akakitundika mbele kwenye fremu, kikakaa sawasawa. "Tangu niliposikia umepewa hili dude, nilianza kukifuma," akasema. "Haya, nina njaa, na siwezi kula kabla ya kahawa."

Wapendwa! Mtoto alikwenda kwenye kabati, ko, ko, akajaza kikapu, akarudi. Kahawa zingine zilidondoka njiani. Nilitaka kuinuka nimsaidie, Bibi akanikazia macho, nikakaa. Kemilembe akamfikia. Na Bibi Paulina, mkubwa wa ukoo, akapokea kahawa ya mjukuu wake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Kisha akala ndizi zake za baridi na kusema hazina chumvi.

Hapo ndipo Mungu alinifungua macho. Sisi sote tulimpenda Kemilembe kwa kumwondolea kazi, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki hana nafasi ndani ya nyumba yake. Bibi alikuja kumdai. Na anayedaiwa bado ni mtu wa nyumbani.

Kipaimara alikwenda, na Bibi akaja tena kwa ajili ya siku hiyo. Gauni jeupe, fremu, na nywele nimezisuka tena. Wakati wa maombi mchungaji akasema, "Tupige magoti." Watoto wote wakashuka, kanisa zima tukashuka, akabaki Kemilembe peke yake amesimama mbele. Niliona shingo yake inatetemeka. Nikasema moyoni, Bwana, asijaribu, asijaribu!

Nikasikia benchi linalia nyuma yangu. Nikageuka. Bibi Paulina, ambaye sijawahi kumwona akiomba isipokuwa kwa magoti, ambaye magoti ndiyo aliyotufundisha sote, alikuwa ameshapiga magoti, na sasa anainuka. Alishika benchi la mbele, akajivuta, akasimama wima. Baba Kemilembe akamwona, akasimama. Nami nikasimama. Kemilembe alitupia jicho nyuma mara moja tu, akatuona, na shingo ikatulia. Mchungaji wetu ni mfupi. Kwa watoto wengine aliinama, kwa Kemilembe akanyoosha mkono juu kumwekea kichwani. Binti yangu alibarikiwa akiwa amesimama!

Asante Yesu! Ninawashukuru ninyi mlioomba nasi na mlioleta ndizi nilipokuwa Mwanza. Na wewe ndugu yangu uliyeomba jambo moja ukaona kimya, usimwache Mungu. Mimi niliomba magoti, akanirudishia mtoto. Mtumaini. Anajua tusichojua kuomba.

Namalizia. Kemilembe amekuja nami leo, lakini mnaona hayuko kwenye benchi. Yuko pale mlangoni, na kile kikapu kimetundikwa kwenye fremu yake, kimejaa kahawa. Ibada ikiisha atawapitia mmoja mmoja. Nawaomba kitu kimoja, wapendwa. Msimfuate kumpunguzia njia. Msimwambie asisumbuke. Simameni mlipo, nyoosheni mikono miwili, mngoje msalimiwe. Anakuja.