Ndoo ya Getini kwa Dandena Biratu

Baba yetu, Dandena Biratu, alizaliwa hapa Meki tarehe 3 Machi 1951, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1973 akaajiriwa katika shamba kubwa la nyanya bonde la Awash, ambako alikutana na gugu lile lisilo na jani la kijani, ndugu wa kiduha, gugu linalonyonya mahindi, linalochomoza likiwa limeshainyonya nyanya mizizini, na ambako vibarua waliling'oa likiwa na maua, wakalitupa mferejini, maji yakasambaza mbegu zake laini kama vumbi, hadi kilimo cha nyanya kikaachwa.

Tarehe 27 Januari 1980 alifunga ndoa na mama yetu, Zenebech, wakajaliwa mabinti wawili, Lensa na mimi, Ayantu, ninayewasomea, na aliporudi kulima hapa aliweka getini ndoo ya maji ya kuoshea viatu, akachoma kila chipukizi la gugu kabla halijachanua, akakataa hata plau za ujima, kwa kuwa zilitoka mashamba ya wengine.

Sitasema alipendwa na wote, mlioketi hapa mnajijua. Siku ya harusi ya Lensa, tarehe 14 Januari 2007, alimzuia getini mjomba wetu Tolera, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, ambaye alisema, "Shemeji, viatu hivi vimetoka kanisani, vitakosaje kufaa kwa nyanya zako?" naye Baba akamjibu, "Kanisani hakulimwi nyanya, shemeji, osha," basi mjomba akageuka akaondoka na nusu ya wageni, na geti lile hajalivuka tena, ingawa shambani kwake mwenyewe gugu limeshamaliza nyanya mara tatu.

Baba aliugua figo tangu Agosti 2017, akalazwa Adama, akafariki alfajiri ya tarehe 8 Februari 2019, na agizo lake la mwisho lilikuwa tubadilishe maji ya ndoo, Mama akamuuliza, "Hata wakija kukuzika?" akasema, "Hasa siku hiyo, watakuwa wengi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake wa Awash, na mjomba Tolera, ambaye tangu asubuhi amesimamisha hema la chama nje ya ua wetu, nje kabisa.

Tukitoka makaburini, ngano ya kuchemsha ipo nyumbani, na njia ni ileile, kando ya miche iliyopandikizwa juzi, ambayo ndiyo yote aliyoachiwa Mama, na maji ya ndoo ni mapya, Mjomba, hata mimi nimeosha.

Lala kwa amani, Baba, leo getini nasimama mimi.