Dawa ya Tumbo la Thuo

Kuna benchi pale Emali, mbele ya kibanda cha chapati cha Thuo, lililotibu wagonjwa wengi kwa mdomo bila kuponya hata mmoja. Mwaka huo wa tisini na tatu mgonjwa alikuwa mwenye kibanda mwenyewe. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: tumbo lako halipatani na ngano, iache maisha yako yote; dawa hakuna, ila huko ng'ambo wanaitafuta. Katika maneno yote hayo Thuo alibeba ya mwisho tu, akarudi nayo sokoni akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

— Wanatafuta, alisema akikanda unga. Mimi ni kungoja tu.

Mulei, fundi wa pancha aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani, alipuliza kahawa yake.

— Hiyo itakuwa tembe. Unameza kabla ya chapati. Inatangulia kama tanboi wa lori, inaambia tumbo: fungua, huyu tunamjua.

— Tembe wapi, alisema Mutie, aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Ni sindano. Saa hii wanajaribu na panya. Panya anapewa mkate asubuhi mpaka jioni.

— Huyo panya anakula kunishinda, Thuo alisema.

— Na wataipata, Redio aliendelea. Mzungu anaishi na mkate. Ingekuwa ni isyo, mahindi yetu na maharagwe, inakataa tumbo zetu, nani angeshughulika?

Hilo lilifanana mno na kweli, na Profesa akaharakisha kulipita.

— Halafu itakuja na gari la moshi kutoka Mombasa, alisema Profesa. Sisi tutaipata kabla ya Nairobi. Wakubwa watakuja kupanga laini hapa kwetu.

— Na hii benchi itakuwa ofisi, alisema Redio.

— Mimi nitakuwa nashika mlango, alisema Profesa.

Thuo alicheka mpaka tumbo likamkata, akashika meza. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amekonda, na Nyawira, mkewe, alikuwa amezipunguza suruali zake tena. Ndiyo maana aliwapenda hawa waongo wawili: walipokuwa wakiongea, dawa ilikuwa karibu kama Sultan Hamud, mji wa jirani.

Chapati ya kwanza ikaiva.

— Onja basi tule, alisema Profesa. Watu wana njaa.

Pale sokoni mpishi hula ya kwanza mbele ya wateja. Asiyekula chakula chake huulizwa ameweka nini ndani, na wateja huhamia kibanda cha pili. Thuo akakata kipande kikubwa, kama kila asubuhi, akatia mdomoni.

Ubah, muuza maziwa aliyehamia Emali juzi tu, alikuwa amesimama na mtungi wake akingoja Thuo ampokee. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani mzee. Tangu uache ngano, tumbo inaendeleaje?

Profesa alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa shati ndilo lilikuwa chafu zaidi. Redio, kwa mara ya kwanza tangu afahamike Emali, alizimika. Wote wakamtazama Thuo.

Thuo naye alitaka sana kujibu, lakini mdomo ulikuwa umejaa.