Garantie Imekaliwa

Pale Nyawera, mjini Bukavu, ukishuka kidogo kutoka barabara kubwa, kuna ubao mrefu wa kukalia ambapo Maman Apolline anauzia kahawa ya tangawizi, na ubao huo miguu yake si ya mti. Umelala juu ya jante nne, rimu za magurudumu, zile zile ambazo motokari ya Fikiri ilizaliwa nazo. Motokari mpya kabisa, yenye garantie ya miaka mitatu: ikiharibika, waliomuuzia wanaitengeneza bure. Tangu ifike hakuna anayemwita Fikiri tena, ni Papa Garantie tu. Lakini maharusi wa Bukavu wana macho. Walisema jante zile ni kama sufuria za shule, hawawezi kupigwa nazo picha. Fikiri, ambaye mkate wake wote ni cortège, misafara ya harusi ya Jumamosi, akafunga jante kubwa zinazong'aa, na zile za zamani akawapa wenzake wa kijiweni, ambao ubao wao ulikuwa umeketishwa juu ya magogo yaliyooza kwa mvua. Zikafanyiwa arrosage kama desturi: bia kidogo chini, nyingi tumboni, na Fikiri mwenyewe akasimama akasema, "Hizi ni zenu mpaka ufufuo wa wafu." Na kitu kilichomwagiwa bia hakirudishwi. Ata mutoto mudogo anajua hiyo.

Sasa gurudumu la mbele linalia nguuu, kama mbuzi aliyemeza kengele. Kesho asubuhi wenye garantie wanaisubiri motokari, na Fikiri hawezi kukaa. Anakwenda na kikombe chake mpaka mtaroni, anarudi, anakwenda tena. Cric, jeki ya kuinulia motokari, ameiacha tayari kwenye buti, ufunguo wa boulon za magurudumu umo mfukoni mwa koti, unamgonga pajani kila akigeuka. Alikuwa anasubiri kitu kimoja tu: mtu mwingine alitamke lile neno la kurudisha jante, lisitoke kinywani mwake.

— Bandugu, nikienda na hizi jante munene, bataheshimu garantie ao batanifukuza?

Sénateur, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mkuu wa avenue, alikohoa kwanza.

— Papa Garantie, hiyo haina maneno mingi. Kama radio njo imekufa, jante haiusike. Lakini kama ni roulement, ile chuma inazungusha gurudumu, batasema jante yako munene njo imeiua.

— Basi nifanye nini?

Fikiri akaushika ufunguo mfukoni. Sasa atasema, alijiambia, sasa hivi. Sénateur akautazama ubao aliokalia, akajisogeza katikati yake.

— Uombe Mungu. Mutaka cha mvunguni shariti ainame.

Fikiri akashtuka, akachungulia mvunguni mwa ubao. Jante ziko palepale, zinamtazama. Kumbe Sénateur alimaanisha kupiga magoti kanisani.

— Kuomba hakutoshi, akadakia Muzee Abedi, wa zile familia za biashara zilizopanda kutoka Uvira. Amevuka mipaka mingi hata wakamwita Douane, yaani forodha. Akaendelea: — Motokari ya siku hizi iko na puce ndani, kale kadude kanapeleka habari. Siku ulifungua boulon ya kwanza, satellite ilikuona. Kule kiwandani taa ikawaka, mutu akasema: 'Mutazame, Bukavu kuko mutu anachezea miguu ya mutoto wetu!'

— Uongo! Huyo ni Jean-de-Dieu, anayeongoza kwaya ya parokia, kwa jina la kijiweni Monseigneur. Akaongeza: — Garantie iko kama ndoa. Ukimuvalisha bibi mèche, zile nywele za duka, siku anagonjwa, baba mukwe anaweza kumukatala ati 'huyu si ule nilikupa'?

— Anaweza! akaitikia Maman Apolline huku anamimina. Baba mukwe wa jirani yetu Placide alimukatala mutoto wake. Na haikukuwa ata mèche, ilikuwa rangi ya kucha.

Habari ya Placide ikameza nusu ya birika, maana ilikuwa tamu kuliko roulement, na kila mtu alikuwa na kipande chake cha kuongeza. Fikiri akaenda mtaroni, akarudi.

— Musikie mimi kwanza. Kama kungekuwa njia... ya kuirudisha motokari sura yake ya zamani...

— Kudanganya? Monseigneur akainua kidole. Zambi hiyo, Papa Garantie! Haraka haraka haina baraka.

— Pakaa matope, akasema Sénateur. Ya kule Kadutu, mingi, jante zisionekane.

— Ao uingie kinyumenyume, akasema Douane. Satellite inasoma mbele.

Wote walikuwa wanamsaidia kwa moyo, bila kuinua tako.

Mwishoni mwa ubao alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Colombe, mwuza mchele kutoka Kamanyola, anangojea pikipiki na gunia lake. Alikuwa amekunywa kahawa yake akiwasikiliza.

— Bapapa, munisamehe. Hiyo motokari ilitoka dukani bila jante?

— Ilitoka na zake, maman, akasema Sénateur.

— Sasa ziko wapi, asizirudishe tu?

Sénateur akatazama upande wa ziwa, ingawa kutoka pale ziwa halionekani. Douane akakoroga kikombe kisicho na kitu. Monseigneur akaliteremsha koti lake taratibu, likaifunika jante iliyokuwa karibu na mguu wake. Fikiri aliwatazama mmoja mmoja. Neno lenyewe limeshasemwa, tena na mtu wa mbali! Kilichobaki ni kujibu tu. Naye akainamia kikombe chake.

— Kahawa imeisha, akasema Maman Apolline, akaligeuza birika kichwa chini ili waone.

Jioni zote neno hilo la kahawa kuisha likitoka, kila mtu anashika njia yake kabla birika halijapoa. Siku ile mvua ilianza kudondoka, pikipiki ikambeba Colombe na gunia lake, na wale watatu wakasogeleana tu, wameshika ubao kwa mikono miwili kama watu walio ndani ya mtumbwi. Fikiri amesimama mbele yao, maji yanamtiririka shingoni, mkono mfukoni juu ya ufunguo.

Mwishowe Monseigneur akamwachia nafasi.

— Ikala, Papa Garantie. Utalowa.

Akauacha ufunguo mfukoni, akakaa. Ubao haukutikisika hata kidogo. Kweli isemwe: jante za kiwanda ni nzuri.