Zlatina Dragneva, Sauti ya Asubuhi ya Lipova Koria (1941–2021)

Marehemu Zlatina Petkova Dragneva alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 katika kijiji hiki cha Lipova Koria, wilaya ya Razgrad, akiwa mtoto wa tatu wa Petko na Gergana Savov. Ilikuwa sikukuu ya kupogoa mizabibu. Baba yake alipopelekewa habari shambani, kwa furaha aliimwagia mizabibu divai yote ya siku ile, na wenzake hawakumsamehe mpaka wanaingia kaburini.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari mjini Razgrad, alikohitimu mwaka 1959. Huko mwalimu wa lugha aliwaeleza kwamba neno letu la Kibulgaria nedelya, yaani Jumapili, maana yake ni siku ya kutotenda kazi. Marehemu alizoea kusimulia kwamba alitoka darasani siku ile akiwatazama wapita njia kama watu waliobeba dhahabu mdomoni bila kujua.

Mwaka 1962 aliajiriwa katika redio ya kijiji, ile yenye vipaza sauti kwenye nguzo na kisanduku ukutani katika kila jiko. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwamba mkate umefika au maji yatakatika. Yeye akaongeza jambo moja dogo kila asubuhi, watu wakinywa kahawa: asili ya neno, kisa cha historia, desturi ya sikukuu. Kwa nini mwezi Machi tunafungana uzi mwekundu na mweupe, na kuuvua tunapomwona korongo. Kwa nini siku ya Mwaka Mpya watoto hutupiga mgongoni kwa vijiti na sisi tukawapa pipi. Jumapili moja ya mavuno mwenyekiti wa ushirika aliita kijiji kizima shambani. Zlatina akasoma tangazo, kisha akaeleza maana ya nedelya. Shambani alifika mwenyekiti na dereva wake tu.

Mwaka 1964 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuwa akipanda nguzo kutengeneza vipaza sauti hivyo, Nedyalko Dragnev. Kwa kuwa jina Nedyalko linatokana na Jumapili, Zlatina alisema ameolewa na siku ya mapumziko ila hajawahi kuiona ikipumzika. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kalin na Snezhana.

Kisha ukaja ule msimu wa baridi wa mwaka 1985, majirani zetu Waturuki walipobadilishwa majina kwa nguvu na serikali na kupewa ya Kibulgaria. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bi. Sabrie, aliandikwa Sabina. Zlatina akaletewa karatasi aisome redioni: atakayesema Kituruki barabarani atatozwa faini. Aliisoma yote, neno kwa neno. Watu wakadhani amemaliza.

“Neno la leo ni haber,” akaendelea, kwa sauti ile ile ya kutangaza mkate. “Mtu asiyejua kitu tunasema hana haber. Ni neno la Kituruki, na Waturuki nao walilipata kwa Waarabu. Limetembea sana. Dyukyan tunakonunua chumvi, ni la huko huko. Sandak la mahari ya bibi zetu, la huko huko. Basi faini ianze kwangu, maana asubuhi hii nimewasha jiko kwa kibrit.”

Waliokuwepo wanakumbuka kwamba foleni ya mkate ilisimama kofia mikononi, kama kanisani. Ilikuwa kana kwamba kila mtu ameonja ulimi wake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Meya alipanda ngazi za chumba cha redio akihema.

“Zlatina, ulitakiwa kusoma karatasi tu.”

“Nimeisoma, Ndugu Meya. Kisha nikaieleza.”

Wiki hiyo aliondolewa redioni na kupelekwa kuchambua tumbaku. Hakulalamika. Jioni Sabrie alimpitishia sahani ya burek, vitafunio vya jibini, juu ya ukuta.

Kiangazi cha 1989 Sabrie na mumewe waliondoka kwenda Uturuki pamoja na maelfu ya wengine, na ng'ombe wao akabaki akilia zizini. Zlatina alimkamua asubuhi na jioni mpaka Sabrie aliporudi wakati wa theluji. Mwaka uliofuata majina yalirudishwa, na Zlatina naye akarudishwa kwenye kipaza sauti. Siku ya Bayram, yaani Idi, alimshika Sabrie mkono, akampandisha ngazi.

“Desturi hii ni yenu,” alimwambia. “Eleza wewe.”

“Kwa lugha gani, mwenzangu?”

“Ile uliyoamkia.”

Sabrie akaitakia Lipova Koria Bayram mubarek, sauti ikienea juu ya mapaa yote, msikiti na kanisa. Sabrie anasema mpaka leo hakuwahi kujua kwamba kijiji ni kikubwa kiasi hicho.

Marehemu alistaafu mwaka 2003, na mwaka 2008 akafiwa na mumewe. Mwezi Mei 2019 alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya usemi, yeye aliyekuwa akiishi kwa maneno. Sabrie alikuja kila asubuhi kunywa naye kahawa na kumsimulia jambo la siku. Baada ya wiki nyingi marehemu alinyoosha mkono akasema su, maji, kwa Kituruki. Kibulgaria kilifuata taratibu.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2021, nyumbani kwake, kahawa ikiwa mezani.

Ameacha mtoto wa kiume Kalin na mkewe Ivelina, aliyeandika na kusoma haya. Mtoto wa kike Snezhana. Wajukuu watatu na kitukuu mmoja. Bi. Sabrie aliomba asiandikwe pamoja na majirani waliokuja kutupa pole. Basi ameandikwa hapa, miongoni mwa wafiwa.

Udongo wa Lipova Koria uwe mwepesi juu yake, na Mungu ampumzishe.